Mama yake nani? Ukoo wa mke wa Kaisari

Nyumba niliyolelewa na bibi mzaa mama iko Mikindani, chini ya mlima ambako Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1895, na tangu utotoni nimemsikia Kaisari Wilhelm wa Pili, mfalme mkuu wa Ujerumani, akitajwa kama mtu wa ng'ambo ambaye mkono wake ulifika hadi mlangoni petu. Mke wake hakutajwa na mtu. Nilipoanza kusoma habari zake nilimsimulia bibi, naye akauliza lile ambalo Mmakonde huuliza kwanza: "Mama yake nani?"

Augusta Victoria, ambaye nyumbani aliitwa Dona, alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1858. Baba yake alidai utawala wa Schleswig-Holstein, lakini Prussia, ufalme mkubwa wa Wajerumani, iliitwaa nchi hiyo mwaka 1866, naye akafariki mwaka 1880 bila kuipata. Mwaka uliofuata binti huyo akaolewa na Wilhelm, mjukuu wa mfalme yule yule wa Prussia aliyemnyima baba yake urithi. Kila nikilifikiria jambo hilo hunihuzunisha.

Mama yake ndiye Adelheid, binti wa Feodora, na Feodora na Malkia Victoria wa Uingereza walikuwa mama mmoja, baba mbali. Mama yake Wilhelm naye alikuwa binti wa Malkia Victoria huyo huyo. Nilimsomea bibi majina hayo taratibu, akayahesabu kwa vidole kutoka kwa Dona kupanda juu, kisha kutoka kwa Wilhelm kupanda juu, hadi pande zote mbili zikakutana kwa mwanamke mmoja. "Basi hao ni ndugu," akasema. "Nani aliwaozesha?" Kwetu, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno katika posa, ndoa hiyo ingezuiwa mapema, lakini kwao ukoo hufuata baba, kwa hiyo wawili hao walihesabiwa kuwa watu wa nyumba mbalimbali.

Dona alikuwa malkia wa Prussia na mke wa Kaisari tangu mwaka 1888, akajulikana zaidi kwa bidii yake ya kujenga makanisa. Alizaa wavulana sita kati ya mwaka 1882 na 1890, na mwaka 1892 akapata binti wake wa pekee, Viktoria Luise. Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918 mumewe alipoteza ufalme, wakahamia uhamishoni Uholanzi, na mwezi Julai 1920 kitinda mimba wa wale wavulana, Joachim, akajitoa uhai. Mama huyo, ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa moyo, hakuishi hata mwaka mmoja baada ya msiba huo: alifariki huko Doorn tarehe 11 Aprili 1921, na maiti yake ikarudishwa Potsdam, Ujerumani, kuzikwa, huku mumewe akishindwa kuvuka mpaka kumsindikiza.

Kwa wana wake wa kiume kiti cha enzi hakikurudi tena. Kwa binti yake mambo yalikuwa mengine, kwani Viktoria Luise alimzaa Frederica, aliyekuja kuwa malkia wa Ugiriki, na Frederica akamzaa Sofía, aliyekuwa malkia wa Hispania kuanzia mwaka 1975. Bibi aliniuliza kama Sofía ana mabinti. Nikamjibu kwamba anao wawili, Elena na Cristina, naye akaniomba niyaandike majina yao chini ya yale mengine.