Siku moja maishani mwangu: maharage yaliyogoma kuiva

Saa 10 alfajiri. Kabla sijanawa uso nafunua ndoo. Maharage niliyaloweka jana saa 3 usiku, kilo 8, na mpaka muda huu yanatakiwa yawe yamefura, ganda limenyooka, maji yamepungua vidole viwili. Naingiza mkono. Nusu yamefura, nusu yako vilevile kama yalivyotoka kwenye gunia: madogo, yamekunjamana, yanagongana kama kokoto. Nikajua siku imeshaniharibikia na jua bado halijatoka.

Mimi ni mama ntilie. Kwenye vikao vya mtaa siku hizi tunaitwa mama lishe, jina zuri, silikatai, lakini mteja akifika bandani anasema "mama, nitilie", na jina letu lilizaliwa hapohapo. Naishi Manzese, Dar es Salaam, banda langu liko upande wa Shekilango, jirani na gereji. Mchana nauza wali maharage kwa mafundi, bodaboda na wauza maduka. Jioni nauza maharage yaliyochemshwa mlangoni kwangu, kwa familia zinazokuja na mabakuli. Nina miaka 11 kwenye kazi hii. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, na kwamba wali maharage ni chakula cha kuchemsha tu, hakina ufundi.

Maharage hayo niliyanunua juzi soko la Tandale. Muuzaji wangu wa siku zote alikuwa amesafiri, nikasogea meza ya pili. "Chukua haya mama, mapya, yameshuka jana kutoka Mbeya." Niliyaona rangi, njano yake imeanza kwenda kwenye kahawia, na moyo ukaniambia ng'ata moja. Haragwe jipya ukiling'ata jino linaacha alama. Lililokaa sana linapasuka vipande, au jino halipiti kabisa. Sikung'ata. Nilikuwa na haraka, na bei yake ilikuwa imepungua shilingi 200 kwa kilo. Maharage yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, na stoo za Dar es Salaam zina vyote viwili, yanajifunga kwa ndani, hata uyaloweke usiku kucha.

Saa 10 na nusu moto umewaka, sufuria liko jikoni. Watoto wakaamka, wakanywa chai, wakaenda shule. Saa 12 na robo binti ninayefanya naye kazi akafika, akanisalimia, akavuta ungo akaanza kupepeta mchele na kutoa mawe. Kilo 10. Nachanganya mchele uliokaa, ambao hauna unga mwingi na wali wake unachambuka, na kidogo wa Kyela kwa ajili ya harufu. Mchele mpya peke yake ukiupika kwa sufuria kubwa unapata bonge. Yeye akamaliza mchele, akakatakata mchicha, akakuna nazi 5. Kazi yote hiyo imekwenda bila neno, kama kila siku.

Sasa turudi kwenye sufuria, maana siku nzima imekaa humo.

Kwa kawaida saa 1 na nusu maharage yangu yameiva, yaani saa 3 za moto. Saa 1 na nusu nikachota punje 5 na mwiko, nikapuliza, nikazibana moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Tatu zikabonyea zikatoa unga laini. Mbili zikateleza, ganda likavuka likabaki kidoleni, na ndani ni kweupe, kugumu kama chaki. Hapo ndipo shida ilipo. Yangekuwa yote magumu ningejua naendelea kuchochea. Yangekuwa yote laini ningepumzika. Lakini sufuria moja lenye maharage ya aina mbili ukilipa moto mkali, yale mazuri yanapasuka yanakuwa uji na yale mabaya bado mawe. Ukilipa moto mdogo, mchana unakukuta.

Binti akaniambia, "Mama, tutie magadi." Ananishauri vizuri, magadi yanalainisha kweli, na nyumba nyingi zinatumia. Mimi kwa sufuria la kuuza siyatumii. Yakizidi kidogo tu, mchuzi unapata ladha ya sabuni, rangi inapiga weusi, na vitamini moja ya maana iliyomo kwenye maharage inaharibika. Mtu anakula kwangu siku 6 kwa wiki. Chakula chake cha mchana chote kinatoka mkononi kwangu, siwezi kumpa kitu ambacho watoto wangu siwapi. Nikapunguza moto, nikafunika, nikaongeza maji ya moto. Ya moto, si ya baridi. Ukimwaga maji ya baridi kwenye maharage yanayochemka unayakatia moto, na unaanza upya.

Saa 2 kijana wa guta, kile chombo cha mizigo cha magurudumu matatu, akafika. Kawaida anabeba sufuria lililoiva. Leo tukapakia sufuria linalochemka, tumelifunga kwa kanga mbili na kamba, mimi natembea pembeni nimelishika mfuniko kwa tambara, kutoka Manzese mpaka Shekilango, kila tuta la barabarani mchuzi unaruka unanichoma kiganja. Tukafika, nikanunua mkaa mwingine wa 4,000, nikaanza tena.

Saa 3, saa 4, saa 5. Nimekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, moshi unanifuata hata nikihama upande. Watu wananiuliza kwa nini situmii gesi. Nina mtungi mdogo, napikia mboga na chai. Najua nchi ina mkakati wa mwaka 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na naunga mkono kwa moyo wote, kifua changu kinajua kwa nini. Lakini maharage kilo 8 kwa saa 3 kila siku kwenye mtungi mdogo, hesabu yake hainitoshi. Ninachokitamani ni jiko la presha kubwa, la ukubwa wa biashara, maana presha inaivisha maharage kwa sehemu ndogo ya muda huu. Madogo ya nyumbani nimeyaona, yanapika ya watu wanane.

Saa 5 na nusu wali ukaenda jikoni, ukakauka maji, binti akapalia makaa juu ya mfuniko. Wali haukutusumbua. Maharage bado. Kitunguu kimekaangwa kinasubiri, nyanya zinasubiri, tui limekamuliwa linasubiri, na hakuna kinachoweza kuingia. Nyanya ina uchachu. Ukiitia kabla haragwe halijaiva, haragwe linakaza ganda na hapo utakesha. Wapishi wengi wa nyumbani wanakosea hapa, wanatia kila kitu pamoja, halafu wanalaumu maharage.

Saa 6 na dakika 40 nikabana punje 10. Tisa zikabonyea. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikatenga ya jioni pembeni, chukuchuku. Haya mengine nikatia kitunguu, nyanya, chumvi na tui la pili, na mwisho kabisa tui zito, huku nakoroga taratibu lisikatike. Mengine yalikuwa yamevurugika na kuufanya mchuzi kuwa mzito. Ladha ilikuwa nzuri. Nasema bila kujisifu, ilikuwa nzuri.

Lakini wateja wangu wa saa 6 na nusu, wale wa gereji ambao mapumziko yao yanahesabiwa, sita kati yao walishavuka barabara kwenda kula chipsi. Sikuwalaumu. Njaa haingoji.

Saa 7 banda limejaa. Akaja kijana mmoja, shati jeupe, si mteja wa siku zote. Akaletewa sahani. Akala vijiko viwili vitatu, akasimama na kijiko mkononi, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama, haya maharage umeyatia vidonge? Mbona yamelainika hivi?"

Kwa asiyejua: kuna maneno mjini kwamba mama ntilie wanatia vidonge vya maumivu kwenye maharage na nyama ili viive haraka. Wapo waliofanya hivyo, sitawatetea, ni kumpa mtu dawa asiyoiomba. Lakini neno likisemwa kwenye banda lililojaa, linakwenda kwenye kila sahani. Nikaona mtu aliyekaa pembeni yake ameacha kutafuna. Mwingine akainamia sahani yake akawa anachambua punje kwa uma.

Nilitaka kulia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na malengelenge ya mchuzi, nimekaa na moto saa 8, nimekataa hata magadi, na mtu aliyeamka saa 1 ananiuliza mimi vidonge.

Nikamwambia, "Mwanangu, njoo huku nyuma." Hakutaka. Nikamwambia tena, "Njoo, uone mwenyewe." Akaja, na wengine wawili wakamfuata. Nikamwonyesha rundo la majivu. Nikamwonyesha mfuko mtupu wa mkaa wa pili. Nikachota maharage ya jioni, nikamwekea punje kwenye kiganja, nikamwambia bana. Akabana, zikabonyea. Nikamtafutia nyingine, mpaka nikaipata moja iliyogoma, nikamwambia bana na hii. Ikamteleza. Nikamwambia, "Kidonge sijatia. Huu ni moto tu, na hii moja hata moto umeshindwa."

Mzee mmoja fundi wa gereji, anakula kwangu tangu nilipokuwa na meza moja, akamwambia, "Kijana, muombe mama radhi, kaa ule." Akasema, "Samahani mama," akakaa, akamaliza. Alilipa 1,500 yake na kuondoka bila kuniangalia. Nami sikumnunia. Ana haki ya kujua anakula nini. Ningependa tu angeniita pembeni akaniuliza.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Vyombo, maji ya kuoshea yakaisha nikanunua madumu mengine, watu wanne wakaandikwa kwenye daftari la madeni, mguu wa kushoto ukaanza kuvimba kama kawaida yake. Ukoko tukagawana mimi na binti, ndicho chakula chetu cha kwanza tangu chai. Wali wa sahani sita ukabaki. Kurudi nyumbani nilikaa juu ya guta na masufuria, nikasinzia.

Giza linaingia ndio mabakuli yanaanza. Sehemu hii ya siku naipenda kuliko zote. Wanakuja watoto: "Shikamoo mama, mama amesema maharage ya 500." "Marahaba mwanangu, mfuniko uko wapi?" Upawa mmoja mkubwa ni 500, na mchuzi wake siuhesabu.

Mama mmoja hapa mtaani ana watu 6 ndani. Nikiweka hesabu yake: mchele kilo moja 2,500, maharage yangu pawa mbili 1,000, kitunguu na nyanya 500. Kwa 4,000 watu 6 wamelala wameshiba. Angetaka kuchemsha mwenyewe, nusu kilo ya maharage makavu ni 1,500, na mkaa wa saa 3 haupungui 1,500 mpaka 2,000. Moto unakula kuliko midomo. Kwa hiyo wanaponunua kwangu wananunua saa 3 zangu za moto, nilizozigawa kwa nyumba kama 15. Ndiyo maana naona uchungu mtu akisema maharage ni chakula cha jela, au cha shule ya bweni. Nilipokuwa kliniki na mtoto wangu wa mwisho, muuguzi alitufundisha kwamba kile kinachopungua kwenye protini ya wali kiko kwenye ya maharage, na kile kinachopungua kwenye maharage kiko kwenye wali. Wanangu wote watatu wamekua hivyo.

Wanaotaka kuchemsha wenyewe huwa nawaambia: chemsha ya siku mbili mara moja, moto ni uleule. Yasiyo na kitunguu wala tui yanavumilia zaidi. Kama huna friji, yapashe mpaka yachemke asubuhi na jioni, na usiyachezee na mwiko uliotoka kwenye sahani.

Leo kila bakuli nimelitolea maelezo. "Mwambie mama, maharage ya leo yana punje ngumu chache, ayape moto kidogo kabla ya kuunga." Sikutaka waje kunishtukia mezani.

Pawa 28 zikaisha. Nikakaa chini na daftari. Sahani 54 kwa 1,500 ni 81,000, jioni 14,000, jumla 95,000. Mchele 25,000. Maharage 24,000. Mkaa 12,000 badala ya 8,000. Mboga, nazi, mafuta, nyanya na vitunguu 16,000. Maji na guta 4,000. Binti 7,000. Imebaki 7,000, na humo 6,000 iko kwenye daftari la madeni. Siku njema nabaki na 20,000. Kijumbe wa mchezo wetu wa kuchangiana pesa akapita kuchukua 5,000 ya leo, nikamwambia dada, naomba kesho nilete mbili. Akaniangalia mkono, akasema, "Pole, kesho basi," akanifunga kitambaa mwenyewe kabla hajaondoka.

Watoto wamekula wali uliobaki na maharage tuliyokomba chini ya sufuria. Kabla ya magharibi nilikuwa nimemtuma mwanangu wa kwanza Tandale, muuzaji wangu amerudi. Kilo 8 ziko hapa kwenye ungo. Nimechambua, nimetoa vijiti na punje zilizotobolewa na wadudu. Nimechukua moja nikaing'ata. Jino limeacha alama. Nimeyamwaga kwenye ndoo, nimeweka maji yakapita juu vidole vinne, nimefunika.