Nilivyokereza peni ya mpingo hapa Mtwara (na habari ya biti ya kumi)

Ukitaka kutengeneza peni ya mbao usimuulize mtu ambaye hajawahi kutengeneza hata moja. Mimi niliuliza wengi hapa mjini na aisee hakuna aliyesema sijui. Mmoja kaniambia mpingo hauendi kwenye mashine, utapasuka tu, tumia mninga. Mpingo huohuo ambao huko Ulaya wanatengenezea klarineti na zumari za bei mbaya, zinatobolewa tundu refu kuliko peni yangu! Nikajua huyu anaongea tu.

Seti niliagiza mtandaoni, ile ya peni ya kubonyeza. Unapata kibomba cha shaba ya njano, ncha, springi, mrija wa wino wa aina ya Parker, klipu na kile kidude cha kubonyezea. Bushi, vile vipete vya chuma vinavyokaa huku na huku ya mbao kukuonyesha ukereze mpaka saizi gani, zinauzwa peke yake, angalia usisahau. Mpaka inanifikia ilikuwa imenitoka kama elfu arobaini hivi na usafiri, labda hamsini, sikutaka kupiga hesabu vizuri. Mbao sikununua, wachonga vinyago wana vipande vidogo kibao wanavitupa pembeni, nenda na soda mbili na heshima zako, shikamoo mzee, unachagua mwenyewe. Nilichukua chenye ule mstari mweupe wa ubavuni mwa mti, maana mpingo ni mweusi katikati tu, nje kuna tabaka la rangi ya maziwa, na wachongaji wengi wanalitoa. Mimi ndo nilichokuwa nakitaka.

Sasa biti, ile ncha ya drili ya kutobolea. Karatasi ya seti inataka tundu la inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.5 na chembe. Kila hadwea niliyoingia wana 9 na wana 10. Jamaa mmoja wa hadwea ananiambia kwa kujiamini kabisa, "Chukua 10 bro, ikicheza si unajaza gundi." Nikachukua. Kibomba kikaingia kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, nikamimina gundi ya kuchanganya, ikakauka vizuri tu, nikapeleka kwa mzee anayekereza miguu ya vitanda, kanikubalia nitumie mashine yake jioni akishamaliza kazi. Naanza kukereza, raha tupu, mavumbi meusi yanaruka, umbo linakuja, na mstari mweupe unaonekana, mzee mwenyewe kasogea kuangalia. Kumbe kibomba kimelala upande mmoja ndani ya ile gundi, huku mbao nene, huku imebaki nyembamba kama karatasi. Ikafika saizi ya bushi tu, paa! Kipande kikapita karibu na sikio langu kikaenda kugonga bati. Mzee kacheka mpaka kakaa chini, akasema, "Kijana, hiyo peni imekataa shule."

Biti ya 9.5 nilikuja kuipata kwa fundi wa lezi mashine, ilikuwa kwenye kopo la oili pamoja na takataka nyingine, kaniuzia buku kadhaa na hakuuliza ya nini. Huyohuyo ndo alikuwa kanichongea kabla sijaanza kukereza chuma cha robo inchi chenye nati, bushi zikae juu yake, maana mashine ya vitanda haina kifaa cha kushikia kitu kidogo namna hiyo.

Mpingo adui yake ni joto. Ukikandamiza drili unasikia harufu ya kuungua, hapo ushachelewa, ufa mwembamba umeshaingia na utauona siku ya kupiga msasa. Ingiza kidogo, toa, safisha biti, subiri ipoe, ingiza tena. Na kata kipande kirefu kuliko kibomba, usitoboe mpaka upande wa pili, ishia kabla halafu kata hicho kitako kwa msumeno, mbao haitameguka kwenye mdomo wa tundu.

Kwenye gundi nina ujanja wangu ambao najivunia kweli. Gundi ikiingia ndani ya kibomba mrija haupiti tena. Niliona wenzetu wanaziba kwa kiazi mbichi. Mimi niko Mtwara, nina muhogo! Kata kisahani cha muhogo mbichi, gandamiza mdomo wa kibomba juu yake kinajikata kizibo chenyewe, kimekaa sawasawa. Gundi ikishika unakisukuma na msumari kinatoka. Kinachobaki nilitafuna. Halafu mpingo una mafuta yake, kwa hiyo pangusa tundu kwanza na dawa ya kutolea rangi ya kucha (ya dada, hajui mpaka leo), na kibomba ukikwangue na msasa, bila hivyo gundi inaachia.

Ncha za mbao nilizinyoosha kwa kusugua kwenye msasa uliolala juu ya kioo. Ukiona tu shaba inang'aa, acha. Ukiendelea kibomba kinafupika, unabonyeza peni na wino haurudi ndani, unabaki unatoboa mifuko ya mashati.

Kukereza kwenyewe sina la kusema, patasi iwe kali. Vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha pua. Vanishi sikupaka, nilipanda na msasa laini mpaka ule wa maji, nikamalizia na nta kwa kitambaa mashine ikiwa inazunguka. Wengine watakwambia dawa ya viatu nyeusi, inang'arisha ni kweli, ila ingenichafulia mstari wangu mweupe. Kuunganisha nilibana na jiliwa, mbao huku na huku, taratibu.

Inalia kwa! kwa! safi kabisa. Mzee wa vitanda kaniomba, nikamwambia yako inakuja, nimekausha tawi la mkorosho. Wengine wakisikia ilivyonigharimu wanasema dukani peni ni mia tano. Nawaambia kweli kabisa, nendeni.