Mi Yangu, Alhamisi Ile ya Kondele

Juzi nilikuwa nasonga ugali huku naimba, kitinda mimba wangu akaniuliza, "Mama, mbona ukiimba unafumba macho?" Sikumjibu. Tulikula, tukaosha vyombo, lakini usiku usingizi ulichelewa.

Kichwani nilirudi Kondele, kule Kisumu, ile Alhamisi ya mazoezi ya kwaya, kabla ya korona. Kanisani kwetu hatutumii kinanda. Ni sauti nne tu, na do, noti ya kuanzia, anayotupa Mwalimu kwa mdomo wake. Mwezi ule tulikuwa tunateremka vibaya: wimbo tunauanza kwenye noti ya A, tukifika ubeti wa nne tuko karibu na G, noti iliyo chini yake. Lawama ziliangukia sauti ya pili, na katika sauti ya pili ziliniangukia mimi. Jina langu hakuna aliyelitaja. Walikuwa wananitazama tu.

Ndipo mpwa wa Mwalimu akaleta kompyuta yenye programu ya kuonyesha sauti. Wanne tulichaguliwa, mmoja kila sauti, tukabanwa maikrofoni ndogo kwenye kola, kila mtu yake, kwa sababu programu ile huhesabu mitetemo ya sauti moja moja. Ukiichanganyia watu wanne kwenye maikrofoni moja inapotea. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, projekta ikamulika. Kila noti ilikuwa na mstari wake uliolala, na sauti yako inatambaa juu yake kama uzi. Ukipatia, uzi ni wa kijani. Ukikosa, mwekundu.

Mwalimu alitaka kwanza tushike mwisho wa wimbo peke yake. Mzee wa bezi, sauti ya chini kabisa, akaweka do. Kaka wa sauti ya tatu akaingia na so, dada wa sauti ya kwanza akakaa kwenye do ya juu, nami nikaingia na mi, noti ya tatu ukihesabu kutoka do.

Nyuzi tatu za kijani. Wangu mwekundu, upana wa kidole chini ya mstari.

Nyuma yetu kwaya nzima ilikuwa kwenye mabenchi, inaona. Shingo ilinipata moto. Nikakaza tumbo, nikasukuma sauti juu polepole, macho kwenye shuka. Uzi ukapanda, ukagusa mstari, ukawa kijani. Nikasikia mtu akipumua kwa nguvu nyuma, kama aliyetua mzigo. Na papo hapo kitu kikakatika. Wanaoimba bila ala wanakijua: sauti zikishikana hutoka mvumo juu kwenye mabati, kana kwamba kuna mtu wa tano anaimba darini. Mtu wa tano akanyamaza. Kati ya sauti yangu na ya Mzee pakaingia mtikisiko, wa-wa-wa-wa, kama bati lililolegea kwenye upepo.

Mzee hakuwa analitazama shuka. Mikono ilikuwa nyuma, kichwa ameinamisha. Akakata pumzi kidogo tu, akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "rudi ulikokuwa." Kisha akaishika do yake tena.

Nikafumba macho. Nikashuka, kidogo, kidogo tena. Ule mtikisiko ukapungua kasi, ukawa mpana, ukalala. Mabati yakavuma. Niliusikia mvumo ule kwenye meno. Sijui tulishika kwa muda gani. Nilipofumbua macho, uzi wangu ulikuwa mwekundu pale pale.

Baadaye tukaimba wimbo wote, ikanyesha, stima ikapotea, tukatawanyika.

Wiki iliyofuata mpwa wa Mwalimu alinieleza. Mistari ile ilipangwa kwa ngazi ya kinanda, inayoigawa oktava, yaani toka do hadi do ya juu, sehemu 12 zilizo sawa. Mzee akitoa mitetemo 110 kwa sekunde, mi inayotulia juu yake ni mara mbili na nusu, yaani 275. Mstari wa kinanda uko 277. Hiyo ni tofauti ya senti 14; senti ni kipimo cha umbali kati ya noti, na senti 100 ndizo nusu ya toni, sehemu moja kati ya zile 12. Mashine ilipima sawa. Nami niliimba sawa.

Machozi yalinitoka, kusema kweli. Lakini alikuwa na jambo la pili. Akafungua rekodi ya wimbo mzima. Nyuzi zote nne zilikuwa zimeteremka, na wa kwanza kuteremka ulikuwa wangu, mwanzo wa ubeti wa pili, pale tunapovuta pumzi. Wengine walinifuata.

Kwa hiyo waliokuwa wananitazama hawakukosea. Na Mzee naye hakukosea. Mpaka leo najiuliza kama sikio lile lile lililoniweka sawa mwishoni ndilo lililotuvuta chini katikati. Mzee sikumwambia kamwe kuhusu rekodi. Alirudi nyumbani Siaya, na kila nilipompigia simu niliuliza habari za mahindi.

Jana mtoto alikuja tena jikoni, akataka tuimbe pamoja. Nikampa do, nikamwambia aishike asiiachie, nami nikaweka mi. Alikuwa amenikodolea macho mdomoni, anaufuata kwa bidii. Nilitaka kumwambia afumbe. Sikumwambia.