Kivuli cha mlima, Matema

Jumapili usiku

Nimerudi chumbani sasa hivi, miguu ikiwa bado na mchanga, na kabla sijaanza kuzipitia picha nataka niandike nilichokiona kwa siku hizi tatu. Kazi yangu ya kila siku ni picha za pasipoti na za harusi pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambako taa naziweka mimi mwenyewe na kuzihamisha nitakavyo. Huku Ziwa Nyasa mwanga unaamuliwa na mlima, nami nilichelewa kulifahamu hilo kwa asubuhi nzima.

Nilishuka Ijumaa kwa Kosta kutoka Mbeya penye baridi ya Juni, nikapita Tukuyu kwenye migomba na mashamba ya chai, hadi bonde la Kyela ambako abiria huvua sweta kabla hata gari halijasimama. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Nyasa hayafiki hata mita 500. Tofauti hiyo niliiona kwanza kwenye lenzi: nilipofungua begi Kyela mjini kioo chote kilifunga ukungu, kwa sababu kilikuwa kimebeba baridi ya nyumbani na ghafla kikakutana na hewa ya joto yenye unyevu. Sikukifuta. Niliirudisha kamera begini, nikafunga zipu, nikala wali kwa samaki taratibu, na baada ya nusu saa kioo kilikuwa safi chenyewe. Mwenye kushuka huku na kamera asiwe na haraka ya kuitoa.

Mji wa Kyela haukai majini hasa. Ukitaka ziwa, unaelekea Itungi, au unazungukia Ipinda mpaka Matema. Itungi nilikaa muda mfupi tu. Mito inayoteremka kutoka Rungwe huleta udongo mwingi, na mchanga umeijaza bandari ile kiasi kwamba shughuli za meli zimehamia Kiwira. Nilichokipenda pale ni mahali maji ya kahawia ya mto yanapokutana na maji ya ziwa, kwa maana mpaka wake huonekana wazi kama mshono wa nguo. Niliomba ruhusa kabla ya kutoa kamera, kama inavyopasa bandarini, nikapiga picha nne, nikaendelea na safari.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikakaa ufukweni Matema nikiyangoja mawio. Mbingu ikawa nyeupe, kunguru wakaanza kelele, wavuvi wakarudi na usipa wao, wale dagaa wa ziwa hili, na jua halikutokea. Mzee mmoja aliyekuwa akikung'uta wavu alinitazama kwa muda, kisha akanijia.

“Mwanangu, unangoja nini hapa?”

“Shikamoo, baba. Nangoja jua.”

“Marahaba. Jua la hapa linaanza kwa kupanda mlima. Nenda kanywe chai.”

Nilitazama upande alionionyesha, nikaona aibu kwamba jambo kubwa kiasi kile lilikuwa mbele ya macho yangu tangu jana. Milima ya Livingstone inasimama mashariki kama ukuta, inapanda karibu moja kwa moja kutoka majini, na vilele vyake vinapita mita 2,000. Mwanga uliangukia kwanza maji ya mbali, upande wa magharibi, kisha ukasogea kutujia polepole huku ufukwe wetu ukiwa bado umefunikwa na kivuli. Ilikuwa imeshapita saa mbili ndipo mchanga ulipopata jua. Kwa hiyo anayetaka mawio juu ya maji asimame Itungi au Mwaya, aitazame milima kutoka mbali. Matema atapata kivuli.

Lakini kivuli hicho ndicho kilichonipa picha bora ya safari hii. Sikwenda kunywa chai. Nilitembea hadi Lyulilo, kwenye soko la Jumamosi, ambako vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huu, hushushwa kutoka kwenye mitumbwi vikitoka kijiji cha Ikombe. Mlima ulikuwa umetandaza juu ya soko lote mwanga laini, usio na weusi mkali chini ya macho ya watu wala mng'ao unaochoma kwenye ukingo wa chungu. Dukani kwangu naupata mwanga kama ule kwa miavuli miwili na kitambaa cheupe, na bado haujawahi kuwa sawia namna ile.

Nilimwamkia mama mmoja mwenye vyungu kama ishirini, nikamwomba ruhusa. Akaniuliza, “Picha utaondoka nayo wewe. Na mimi je?” Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na nilimwahidi kwamba nitamsafishia nakala. Akafunga upya kitenge chake, akachagua chungu kimoja, akakigeuza hadi upande alioutaka ukanielekea. Kilikuwa cha rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, shingo yake imezungushiwa udongo mwekundu, na kwa ndani, chini kidogo ya mdomo, palikuwa na alama ya kidole gumba iliyobaki tangu udongo ukiwa mbichi. Nilisogea hadi alama ile ikajaza fremu. Ndipo nikarudi nyuma na kumpiga yeye, mikono yake ikiwa juu ya chungu. “Ndaga,” nikamwambia, yaani asante, na wenzake wakacheka kwa furaha kusikia Kinyakyusa changu cha kubahatisha.

Leo, baada ya ibada, kijana mmoja alinipeleka kwa mtumbwi kuelekea Ikombe, tukiliacha nyuma domo la mto Lufilyo, ambako wenyeji walinikataza kusogea kwa sababu ya mamba. Niliondoka saa sita mchana kwa makusudi, saa ambayo wapiga picha tunaikimbia. Jua likiwa juu kabisa, mwanga unazama ndani ya maji badala ya kurudi machoni, nami niliweza kupiga miamba iliyo chini na samaki wadogo wa buluu wakipita katikati yake. Uso wa mtu kwa saa ile ungeharibika, ila maji yalikuwa kama kioo cha dirisha.

Jioni watu wote ufukweni walisimama na simu wakielekea machweo. Mwezi Juni jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, kwa hiyo hapa linatua upande wa nchi kavu, nyuma ya miti. Niligeuka, nikalipa jua mgongo. Mlima uleule ulioninyima asubuhi ulikuwa umewaka rangi ya tofali bichi kuanzia kileleni, kila korongo likionekana, na kivuli kikipanda taratibu kutoka majini kwenda juu. Nilikuwa na dakika kama kumi na tano. Mzee wa wavu alipita, akasimama kando yangu, akatazama nilikokuwa nikitazama.

“Leo umeliona,” akasema, akaenda zake.

Kesho nitapita Itungi alfajiri kabla ya kupanda gari. Picha ya mama wa Lyulilo nitaisafisha Jumatano, kwa ukubwa wa inchi nane kwa kumi, maana aliniambia wazi kwamba hataki ya kuweka kwenye pochi, anataka ya ukutani. Nitaifunga kwenye kadibodi na kumkabidhi dereva wa Kosta, ili imfikie kabla ya soko la Jumamosi.