Tofali zito, tofali jepesi

Jumapili, usiku

Wiki nzima kichwa changu kimejaa matofali. Nataka kujenga tanuri dogo la gesi nyuma ya nyumba, la kutosha tu kupasha kipande cha springi ya gari kiwe cha rangi ya chungwa, nikifue kisu. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lilelile: tafuta tofali linalostahimili moto mkali zaidi. Kadiri ninavyosoma na kuuliza, naona hilo ndilo jambo dogo kuliko yote. Chuma cha springi hufuliwa vizuri kwenye nyuzi 900 hadi 1,200 hivi za Selsiasi, na tofali lolote la moto lililotengenezwa sawasawa linafika huko. La kuuliza ni tofali litaufanyia nini huo moto.

Tofali la moto lipo zito na lipo jepesi. Zito, la vipimo vya kawaida vya milimita 230 kwa 114 kwa 64, lina kama kilo tatu na nusu. Ukiligonga na funguo linalia; lisipolia, lina ufa ndani, mwachie mwenyewe. Ni gumu, koleo likiligonga halijali. Lakini linakunywa joto. Unawasha bana, kile kichomeo cha gesi, gesi inakwenda, chuma bado cheusi, kwa sababu moto unashughulika na ukuta kwanza. Kwa mhunzi anayewasha asubuhi na kuzima magharibi haina neno, maana likishashiba linakaa na joto lake. Mimi nitawasha kwa saa moja au mbili nikitoka kazini. Mtungi wa gesi wenyewe bei tunaijua.

Jepesi ni jeupe, na kwa ukubwa uleule halifiki kilo moja na nusu. Limejaa vitundu vya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisipite. Lenyewe halihitaji joto jingi, kwa hiyo chumba cha tanuri kinang'aa mapema. Huuzwa kwa madaraja: la 23 mwisho wake nyuzi 1,260, la 26 kama 1,430. Ndimi za bana zikipiga ukuta moja kwa moja, mahali pale panakuwa na joto kuliko penginepo, ndiyo maana nalitaka la 26 hata kama ni ghali.

Kipande cha jepesi nilikipeleka kwa mzee mmoja mhunzi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kufua. Alipomaliza akakichukua, akakikwaruza kwa ukucha. Unga mweupe ukabaki kidoleni, akaupuliza.

"Hili la ukutani, mwanangu. Sakafuni usilipeleke."

Hakueleza zaidi, wala hakuhitaji. Sakafuni ndiko chuma kinakoburutwa, na anayeunganisha vyuma kwa moto hunyunyiza boraksi, unga wa kusaidia vyuma vishikane, ambao ukiyeyuka hulila tofali jepesi kama sukari kwenye chai. Basi chini nitaweka zito la unene wa nusu, na jepesi liende kuta na dari.

Mzee mwenyewe anatumia mkaa, mvukuto na udongo wa kichuguu, na tofali la dukani halimwambii kitu. Nani wa kumbishia? Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya huko Kagera walipomwonyesha mwanaakiolojia Peter Schmidt namna ya kuyeyusha chuma kienyeji, nao walitumia udongo wa kichuguu. Ningekuwa wa mkaa ningechimba kichuguu na kuacha habari za maduka. Gesi ndiyo inayonipeleka kwenye tofali jepesi.

Matofali ya kuchoma, haya ya kujengea nyumba, muuzaji mmoja alikazana kunipa akiapa ni yaleyale. Siyo. Mengi hupasuka, na yakiwa na unyevu ndani yanaweza kurusha vipande usoni. Saruji vilevile. Ya kubomolewa kwenye tanuri za viwanda yana bei nzuri, ila hujui yalifyonza kemikali gani. Yenye ukoko wa kioo siyagusi.

Kukata jepesi hakuna kazi, msumeno mkuukuu wa mbao unatosha. Kazi ni vumbi lake: lina silika, halifai mapafuni. Nitakatia nje, barakoa ya kuchujia vumbi usoni, siyo kitambaa. Udongo wa kuunganishia situmii. Nitayabana kwa fremu ya vyuma vya engo na bolti ndefu, likipasuka moja nalegeza, nachomoa, naweka jingine. Maana yatapasuka tu. Kupashwa na kupoa kila jioni hakuyaachi salama.

Moto wa kwanza utakuwa mdogo, unyevu utoke polepole, na kibanda kiwe wazi pande mbili kwa sababu ya kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto. Kesho naulizia bei. La 26 likinishinda nachukua la 23, nalipaka kwa ndani rojo la kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, na moto siupandishi sana. Mlango sijengi. Tofali moja la ziada la kusogeza kwa koleo linatosha.