Tulivyopata kivuli mtaani kwetu Nkuhungu

Jua la Dodoma utalijua mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mvua zikiwa bado. Mtaa wetu huku Nkuhungu ulikuwa mabati, kuta za tofali za saruji na udongo mtupu. Kuta hizo hunyonya joto mchana kutwa, usiku ndipo zinalitoa. Saa nne usiku watoto bado wako nje kwa sababu ndani hakulaliki.

Miche haikuwa shida. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, miti imehimizwa sana. Kazi ni kuivusha kiangazi cha kwanza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka. Mche uliopandwa Machi unakuta mvua zinaaga, halafu unakutana na upepo mkavu wa Julai mizizi ikiwa bado juujuu.

Kwa hiyo nilianza na maji kabla ya miche. Nilipita nyumba kwa nyumba na swali moja: maji ya kusuuzia nguo na vyombo mnamwaga wapi? Kila nyumba iliyokubali kuyatunza ilipewa mti mbele ya mlango wake, uwe wake. Isiyokubali hatukuipandia, na sijutii. Mti wa mtaa mzima hauna wa kuumwagilia.

Mashimo tulichimba Novemba, futi mbili kwenda chini, udongo wa juu tukauchanganya na samadi iliyooza. Mche ulikaa ndani ya kisahani, chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili mvua ikinyesha maji yaufuate. Juu tukatandaza nyasi kavu. Kiangazi kilipoingia tukatumia chupa za maji za lita moja na nusu: unakata kitako, unatoboa kifuniko kwa sindano ya moto, unaifukia kichwa chini karibu na mizizi. Ukiijaza jioni, inadondosha tone kwa tone huko huko chini, jua halipati kitu.

Nilitaka kununua waya wa kuzuia mbuzi. Mzee jirani akanikataza. "Mwanangu, waya wa nini? Kata miiba ya mgunga uzungushie, mbuzi atageuka mwenyewe." Nikamwitikia, "Sawa babu," na ndivyo tulivyofanya mtaa mzima.

Njiani tulipanda mwarobaini kwa sababu unavumilia ukame. Mikwaju tuliiweka penye nafasi, mbali na nyaya za umeme. Nyumba nyingi tuliwashauri wapande upande wa magharibi, kwani jua la alasiri ndilo linalopika ukuta. Mti haufuniki tu: majani yake yanatoa mvuke, na hewa inayopita hapo hupoa.

Nyumba zilizopata kivuli ukutani zinalalika sasa. Mama lishe amehamishia meza zake chini ya mwarobaini, na wateja wanakaa hata saa nane mchana. Hilo linanifurahisha kuliko lolote.

Mwaka huu tunahamia barabara ya shule, ambako watoto wanatembea juani mwanzo hadi mwisho. Mashimo yawe tayari kabla ya Desemba. Mwenye samadi kavu ya ng'ombe atuambie, tutaifuata na mkokoteni.