Damu kuvuka bahari ikiwa hai: ninavyopanga vipimo vya ulinganifu wa tishu kutoka Unguja na Pemba

Fani yangu ni kinga ya mwili katika upandikizaji wa figo, na sehemu yangu hasa ni kutazama tishu za mgonjwa na za jamaa anayetaka kumpa figo zinapatana kiasi gani. Upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017, kisha hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Sisi wa visiwani tunapeleka damu bara, na ikifika chembe zake zimekufa, hakuna mashine ya kuzifufua. Haya ndiyo niliyoyapanga mpaka majibu yakawa ya kutegemewa.

Naanza na karatasi kabla ya sindano. Neno "ndugu" kwetu ni pana mno kwa kazi hii. Mtoto wa ami ni ndugu, mtoto wa mama mdogo ni ndugu, na mliyenyonya naye ziwa moja ni ndugu hata kuoana ni haramu. Kwa jeni za HLA, yaani alama za tishu ambazo kinga hutumia kutambua kilicho cha mwili na kisicho chake, zilizoko kwenye kromosomu ya 6, ndugu wa kunyonya ni sawa na mtu baki. Kila mtu hurithi fungu moja la jeni hizo kwa baba na moja kwa mama, nasi fungu hilo tunaliita haplotaipu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kwa 4 ya kulingana na mgonjwa kwa mafungu yote mawili, 2 kwa 4 kwa fungu moja, na 1 kwa 4 ya kutolingana hata kwa moja. Ndugu wakiwa watatu, nafasi ya kumpata angalau mmoja anayelingana kikamilifu ni kama asilimia 58. Wakiwa watano, asilimia 76. Wa baba mmoja mama mbali kwa kawaida hawavuki fungu moja, isipokuwa mama zao nao wana nasaba. Kwa hiyo fomu yangu haina neno "ndugu". Inauliza baba mzazi nani, mama mzazi nani, na mama huulizwa peke yake, faraghani. Vivyo hivyo majibu hayasomwi mbele ya ukoo mzima, kwa sababu kipimo hiki hufichua nasaba ambayo hakuna aliyeomba ifichuliwe.

Ndoa za binamu zinabadilisha hesabu. Wazazi waliotoka kwa babu mmoja wanaweza kuwa na fungu moja la pamoja, na mtoto wao akarithi lile lile kutoka pande zote mbili. Mashine hapo inaonyesha aina moja tu, tuseme A*30 peke yake (ni jina la aina moja ya HLA), na maana zake ni mbili: ama kweli amerithi A*30 mara mbili, ama aina ya pili ipo lakini vianzishi vya PCR, njia ya kunakili vinasaba ili vionekane, vimeshindwa kuinasa. Kubahatisha hapa ni hatari. Naomba damu ya wazazi wote wawili, wakiwa hai, hata kama umri au maradhi hayawaruhusu kutoa figo. Mirija miwili ya ziada inaokoa wiki nzima ya mabishano.

Sasa mirija yenyewe. Kwa vinasaba natumia kizibo cha zambarau, chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, mililita 5 kwa kila mtu. Kizibo cha kijani kina heparini, nayo pia huzuia damu kuganda, lakini heparini huzuia kimeng'enya cha PCR, basi picha ya majibu inakuwa tupu bila hata mstari wa udhibiti, ule unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Mtoa figo namtoa pia mirija miwili ya ACD, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kizibo cha manjano, kwa ajili ya chembe hai. Hapa ndipo watu hukosea sana: manjano ya ACD hufanana na ile ya dhahabu yenye jeli, ambayo hugandisha damu, na ikishaganda limfosaiti, chembe nyeupe za kinga tunazozitaka, huzipati. Mgonjwa anatoa mililita 10 kwenye kizibo chekundu, kwa ajili ya seramu, maji ya damu yenye kingamwili. Kama yuko kwenye dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine, damu itoke kabla ya kuunganishwa na mashine. Akishapewa heparini, seramu haigandi vizuri na inabaki na nyuzi zinazoziba pipeti.

Kusafirisha ndiko kulikonisumbua zaidi. Vikasha tulivyo navyo ni vya chanjo, na mkono wa mhudumu wa chanjo umezoea kuweka barafu. Barafu inafaa mirija ya zambarau. Ya ACD inaiua. Limfosaiti zinataka nyuzi 18 hadi 25. Njia yangu: chupa nne za maji za nusu lita zinalala usiku kucha kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, asubuhi zinazunguka mirija ndani ya kikasha, na kipimajoto cha kuhifadhi joto la juu na la chini kinakaa katikati. Kila mrija umefungwa pamba, umesimama wima, ndani ya kopo lisilovuja, na nje kuna UN3373, alama ya kimataifa ya sampuli za kitabibu. Kwenye boti kikasha kinakaa kwenye viti vya abiria, mbali na injini na mbali na jua la sitaha. Unguja hadi Dar es Salaam ni kama saa mbili. Kutoka Pemba napendelea ndege ya Chake Chake, hasa wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Damu haitolewi kabla ya tiketi kuthibitishwa, na Alhamisi sitoi kabisa, maana boti ikiahirishwa tunaingia mwisho wa wiki.

Maabara inapaswa kuanza ndani ya saa 24. Damu huchanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi yenye bafa, humwagwa taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha chembe, chenye gramu 1.077 kwa mililita, na kuzungushwa kwa nguvu ya 400 g dakika 30, breki imezimwa. Breki ikiachwa ifanye kazi, utando mweupe wa limfosaiti unavurugika. Damu iliyochelewa huleta granulosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, ndani ya utando huo, na majibu huwa na ukungu. Chembe huoshwa mara mbili, hupakwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye chembe zilizokufa tu, na kuhesabiwa. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 80, sikubali. Tunatoa damu upya.

Msisitizo huu una sababu. Katika krosimachi, kipimo cha kukutanisha seramu ya mgonjwa na chembe za mtoa figo, tunatia mikrolita 1 ya seramu na mikrolita 1 yenye chembe 2,000, tunasubiri dakika 30, tunaongeza mikrolita 5 za komplimenti ya sungura (protini za damu zinazoua chembe iliyoshikwa na kingamwili), saa moja baadaye tunahesabu zilizokufa. Chembe zilizokwisha kufa baharini zitasomeka kana kwamba zimeuawa na kingamwili za mgonjwa, na mtoa figo mzuri atarudishwa nyumbani. Patel na Terasaki walionyesha mwaka 1969 uzito wa jibu hili: kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa krosimachi ikiwa chanya, 24 figo zao zilishindwa papo hapo; kati ya 195 waliokuwa hasi, ni 8 tu.

Mama aliyezaa mara nyingi anahitaji uangalifu wa peke yake. Kila mimba huenda ilimfundisha mwili wake kupambana na HLA za mumewe, kwa hiyo figo ya mume, au ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, inaweza kukutana na kingamwili zilizolala miaka. Nauliza idadi ya mimba, pamoja na zilizoharibika. Naandika pia tarehe ya kila damu aliyoongezewa, na baada ya kila moja nachukua seramu mpya siku ya 14.

Seramu nazigawa nusu mililita kwa kila kichupa, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara hudhoofisha kingamwili. Unguja ilikaa bila umeme wa bara kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na kukatika kwa saa chache ni jambo la kawaida. Ndani ya friza naweka kikombe cha maji yaliyoganda, sarafu ya shilingi mia juu yake. Nikiikuta sarafu imezama, maana yake barafu iliyeyuka, vichupa vyote vya friza hiyo navitupa, na mgonjwa anatolewa seramu nyingine.